Dodoma wikendi na mama mkwe: zabibu, mvinyo na mlenda

MamaWawili: Wakuu, Agosti tunapanda SGR toka Dar: mimi, mume, watoto wawili na mama mkwe. Hombolo, kule kwenye mashamba ya zabibu nje ya mji wa Dodoma, kuna la kuona? Mama mkwe ni mlokole, mvinyo hata harufu hataki.

Mgogo Halisi: Karibuni nyumbani! Huo ni msimu wa mavuno; watoto watakula zabibu mpaka midomo iwe zambarau. Bibi mpeni mlenda wa moto, ule unaovutika kama uzi, na ugali wa uwele.

MamaWawili: Mlenda? Huyu ni Mchaga, jamani.

Mzururaji: Basi mbuzi choma. Ila kodini gari mjini, Hombolo ni mbali. Mie nilitegemea bodaboda, nikarudi na ndoo ya zabibu mapajani, nusu imeshakuwa juisi.