Wajukuu wa Bagira: mabati ya Koko

Tantine Zawadi, 7:02: Jambo familia. Mvua imeingia tena kwa Koko, beseni liko juu ya kitanda. Fundi anataka makuta, pesa zake, kabla ya Jumamosi. Nani yumo?

Tantine Zawadi, 9:40: Mnasoma, mnanyamaza. Nawaona!

Yaya Espé, 9:58: Nimo. Lakini masazo yasipotee kama yale ya kilio.

Tantine Zawadi: Hayo tuliyamaliza.

Yaya Espé: Mliyamaliza nyinyi.

Baraka: Mimi natoa misumari na nyimbo 😂

Mugisho: Tantine, fundi alisema 720,000? Tukusanye 720,720. Inagawanyika kwa 1, 2, 3, mpaka 16, haibaki hata faranga moja. Hakuna namba ndogo zaidi inayoweza hivyo.

Baraka: Na ile 720 ya nyuma ni ya bia, Primus?

Mugisho: Baraka, ngoja bana. Ni 720 mara 1,001. Na 1,001 ni 7 mara 11 mara 13, zile tatu zinazosumbua kila mara tukigawa. 720 nayo ni 16 mara 9 mara 5. Tukiwa 13, kila mtu 55,440. Tukiwa 14, 51,480. 15, 48,048. 16, 45,045. Ina vigawo 240!

Baraka: 45,045 inasomeka kama namba ya simu

Tantine Zawadi: Mtu akitoka dakika ya mwisho?

Mugisho: Tunagawa upya, inakubali tena. Hakuna salio la kumwekea mtu mfukoni.

Papa Mkubwa, 13:15: Nimesoma yote. Makuta ya kilio yenyewe hayakututenga, masazo ndiyo yalitutenga. Zawadi, Jumapili uniletee lile daftari.

Tantine Zawadi, 13:47: Sawa Papa Mkubwa.

Riziki Uvira, 18:20: Poleni, mtandao ulikata. Mnihesabu na mimi.

Tantine Zawadi: Karibu! Basi tuko 17.

Mugisho: Aïe. 17 ni namba tasa na haimo ndani ya 720,720. Kila mtu 42,395, zinabaki 5. Ili 17 iingie na zile 1 mpaka 16 zibaki, lazima tuzidishe yote mara 17: 12,252,240.

Baraka: Hiyo tunajenga etaji 😂😂

Yaya Espé: Faranga 5 atashika nani?

Mugisho: Tukipata mtu mmoja tena inarudi sawa. 18 ni 2 mara 9, na zote mbili zimo. Kila mtu 40,040.

Yaya Espé: Wa 18 tunamjua. Aliondoka humu wiki ya kilio.

Papa Mkubwa, 20:05: Fidèle ni mtoto wa nyumba hii. Aitwe.

Tantine Zawadi, 21:30: Nimempigia Goma. Anasema ataona daftari kwanza. Fundi naye anauliza, nimwambie nini? Jibuni!

Baraka, 22:11: Misumari iko tayari