MJADALA: Halmashauri ziachiwe kuamua muundo wa barabara za mitaa yao au hapana?

Wadau wa Moshi na Arusha habari zenu. Hili jambo linaniuma siku nyingi, naomba tulijadili.

Barabara za mitaani kwetu ziko TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017, kabla ya hapo zilikuwa kwa injinia wa halmashauri. Sawa, ila vipimo vya usanifu vinatoka juu, na mtaa ukipata bahati ya lami unachorewa kwa kufikiria gari tu, njia pana gari lipite vizuri, halafu mama anayetoka sokoni Mbuyuni na mzigo kichwani anatembea juu ya mfuniko wa mtaro au anashuka barabarani kugombania nafasi na bodaboda. Mtaa ukishanyooka vizuri hivyo watu wanakimbiza magari, ndo tunaanza kuomba matuta.

Mi nasema diwani, injinia wa wilaya na wananchi wa mtaa waruhusiwe kusema hapa njia ya gari iwe mita 3 tu, kinachobaki kiwe cha waenda kwa miguu na miti. Na sio jambo geni, wizara yenyewe 2016 ilitoa mwongozo wa barabara zenye magari machache, maana yake walishaona kipimo kimoja hakitoshi.

Marekani nao walikuwa na ugomvi huuhuu, mji unataka mtaa mwembamba, kitabu cha vipimo cha jimbo kinataka njia ya futi 12. Sheria yao ya 2015 ikaruhusu mji unaopokea hela ya serikali kuu moja kwa moja kutumia mwongozo mwingine, mradi umetambuliwa na serikali kuu. 2016 wakaenda mbele zaidi, kwenye barabara zao kuu zilizosanifiwa kwa mwendo wa chini ya maili 50 kwa saa, vigezo 13 vya lazima vikabaki viwili, mwendo wa usanifu na uwezo wa kubeba mzigo.

Karibuni.

MDAU WA SAKINA: Kaka nakuheshimu ila hapo napinga. Huku Arusha maji yanashuka kutoka Meru kwa kasi, Aprili 2024 mafuriko yalisomba gari la wanafunzi, watoto wakafa. Leo umwachie diwani aamue ukubwa wa kalavati? Atapunguza ili hela itoshe kilomita nyingi aonekane amefanya kazi kabla ya uchaguzi. Na maduka yaliyojengwa hadi kwenye hifadhi ya barabara, unadhani halmashauri itakuwa na ubavu wa kuwagusa wapiga kura wake? Kitabu cha juu ndo kinachotulinda.

MLETA MADA: Dada asante, na kwenye maji niko na wewe kabisa. Mitaro, makalavati, madaraja na hifadhi ya barabara visiguswe, hata ningepewa kura leo ningepiga vibaki juu. Lakini ona, mtaro mkubwa haukatazi njia ya gari kuwa nyembamba, tena ukipunguza lami unapata nafasi ya mtaro wa maana wenye mfuniko watu wakapita juu bila kuvunjika mguu. Mi naongelea upana wa njia, kona za makutano, vivuko, matuta, miti, na mawe pia maana huku mlimani mawe tunayo na TARURA wenyewe Kigoma wamejenga madaraja ya mawe kwa gharama ndogo kuliko zege. Hayo mtu wa Dodoma hayaoni, anayaona anayevusha mtoto kila asubuhi.

Kuhusu diwani wa kutafuta kura, dawa ipo: mchoro ubandikwe ofisi ya kata kabla mkandarasi hajaleta greda, injinia asaini jina lake, na akipunguza kitu aandike sababu. Sasa hivi mchoro hatuuoni kabisa, tunaona greda tu.

Nikuulize na wewe, pale Sakina mngepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja mngeanza na nini?