MREJESHO: Kadi ya chakula ya shangazi imeingia hela

Habari zenu. Niliuliza kwa nini kadi ya SNAP (msaada wa serikali wa kununulia chakula) ya shangazi yangu, huku Marekani, ilikaa tupu mwezi mzima bila barua ya kumkatia msaada. Jibu limepatikana.

Muda wa msaada wake ulikuwa unaisha, akatakiwa kuhakikiwa upya. Fomu alirudisha mapema. Barua ya usaili ndiyo iliyotumwa anwani ya zamani, ingawa alisharipoti kuhama na karatasi ya uthibitisho anayo. Hiyo karatasi ndiyo ilimaliza ubishi, asanteni mliosema tuitafute. Tukadai mkalimani wa Kiswahili (ni bure, msikubali mtoto atafsiri), usaili ukafanyika kwa simu. Kwa kuwa ucheleweshaji ulikuwa wa ofisi, amelipwa mwezi wote uliorukwa.

Kwa anayeomba mara ya kwanza mambo ni tofauti: hesabu huanzia siku aliyowasilisha ombi, ndiyo maana mwezi wa kwanza huja pungufu. Ofisi ina siku 30 kuamua, au 7 kwa mwenye hali mbaya sana.

Na aliyeuliza kama hela isiyotumika kwenye kadi hupotea mwezi ukiisha: hapana, salio linahamia mwezi unaofuata. Rufaa ya shangazi tulishaiandaa, haikuhitajika.