Watengenezaji wa laptopu-kishikwambi za bei chee: hata jina la bodi mmeshindwa kuandika?

Wakuu, salaam kwenu. Nina hasira na sioni sababu ya kuificha, kwa hiyo wenye kupenda lugha laini mnisamehe.

Shuleni ninapofundisha tuna vile vilaptopu vyenye kibodi ya kuchomoka. Ukiitoa, skrini inabaki kuwa kishikwambi. Ndani kuna Intel Atom Z3735F, RAM ya 2 GB na hifadhi ya eMMC ya 32 GB iliyolehemewa kwenye bodi (ubao mkuu wa saketi), huwezi kuongeza wala kubadilisha. Vilikuja na Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imefunga msaada wa Windows 10, na Windows 11 inadai RAM ya 4 GB, hifadhi ya 64 GB na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Vifaa vyetu havina hata kimoja kati ya hivyo. Na kabla ya hapo vilikuwa vimeshaanza kukwama, maana sasisho moja kubwa la Windows linajaza diski yote kisha linafeli katikati, mwanafunzi anakaa anaangalia duara linazunguka.

Prosesa ni nzima, ina koa nne (vitengo vya kuchakata) za biti 64. Skrini nzima, betri nyingi nzima. Kwa kuandika, kusoma PDF na kujifunza Python, mashine hizi zinatosha kabisa. Tukaamua kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure, badala ya Windows. Hapo ndipo nilipojionea kwa macho yangu uzembe wa viwanda vinavyotuletea vitu hivi.

Flashi ya Linux ya kawaida haionekani kabisa kwenye menyu ya kuwashia. Sababu: prosesa ya biti 64 wameiwekea UEFI (programu ya kiwanda inayoiwasha mashine kabla ya mfumo endeshi) ya biti 32, kwa kuwa Windows waliyokuwa wanaiuza nayo ilikuwa ya biti 32. Hili lina dawa ya siku nyingi. Tangu toleo la 3.15 la mwaka 2014, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inaweza kuwaka kwa biti 64 juu ya UEFI ya biti 32, na kwenye flashi kinachotakiwa ni faili la bootia32.efi ndani ya folda ya EFI/BOOT. Nalipita.

Wi-Fi nayo. Vifaa vingi tulivyonavyo vina Realtek RTL8723BS. Draiva yake (programu inayoendesha chipu hiyo) iliingia kwenye kerneli toleo la 4.12, mwaka 2017, kwa hiyo ukiwa na kerneli ya karibuni inawaka. Lakini vingine, boksi lilelile, rangi ileile, jina lilelile mgongoni, ndani vina chipu ya Broadcom! Hizo draiva yake ya brcmfmac ipo na fimwea (programu ya ndani ya chipu) ipo, ila haikubali kufanya kazi bila faili dogo la mipangilio ya redio ya bodi hiyohiyo. Wenye vifaa hivyo sikilizeni: mara nyingi faili hilo limelala ndani ya UEFI yenyewe. Ingieni /sys/firmware/efi/efivars, tafuteni linaloanza na nvram-74b00bd9, linakilini, ondoeni baiti 4 za mwanzo, kisha liwekeni kwenye /lib/firmware/brcm kwa jina ambalo dmesg (orodha ya ujumbe wa kerneli) inalililia. Ni kazi ya dakika chache ukishajua. Aliyekujulisha ni nani? Si aliyekuuzia, na si kiwanda.

Sasa tuje kwenye tachi, yaani skrini kuitikia kidole, maana hapa ndipo damu inachemka.

Tachi ya vifaa hivi ni ya Silead, jamii ya GSL1680. Chipu hiyo haina kumbukumbu ya kudumu. Kila mashine inapowaka, draiva lazima iipakie fimwea upya, na fimwea hiyo hutengenezwa kwa ajili ya paneli maalumu: upana wake, urefu wake, upande upi ni juu, upande upi ni kushoto. Ukiipa fimwea ya paneli nyingine, unagusa kona ya kulia, mshale unakwenda kushoto chini. Kwenye Windows fimwea hii imo ndani ya kifurushi cha draiva cha kiwanda. Kwenye mkusanyiko rasmi wa linux-firmware haimo, kwa sababu wenye nayo hawajatoa leseni ya kuisambaza. Kwa hiyo watu wa kujitolea wamekaa wanachimba fimwea hizi kutoka kwenye draiva za Windows na Android, kifaa kimoja baada ya kingine, na kuziweka mahali pa wazi ili sisi tuzipate.

Bado kerneli inatakiwa ijue kifaa chako ni kipi ili ichague faili sahihi na vipimo sahihi. Inajuaje? Inasoma DMI, yaani maandishi ya utambulisho ambayo kiwanda huyaandika ndani ya BIOS (ile programu ya kuwashia): nani ametengeneza, modeli gani, bodi gani. Kisha inalinganisha na jedwali lililo kwenye faili linaloitwa touchscreen_dmi.c. Fungueni terminali sasa hivi muone wenyewe:

cat /sys/class/dmi/id/sys_vendor
cat /sys/class/dmi/id/product_name
cat /sys/class/dmi/id/board_name

Kwenye vifaa vyetu majibu ni haya: To be filled by O.E.M. Mistari yote mitatu. Vingine vimeandikwa Default string. Hayo ni maandishi ya mfano yaliyokuja na BIOS kutoka kwa aliyeitengeneza, na kazi ya kiwanda ilikuwa kuyafuta na kuandika jina lake. Kazi ya dakika moja, mara moja tu, kabla ya kuzalisha mzigo mzima. Hawakufanya!

Gari lisilo na namba ya chasisi halitoki bandarini Dar es Salaam. Lakini kompyuta isiyo na jina inatoka, inalipiwa ushuru, inaingia darasani.

Na msidhani ni tachi peke yake inayoumia. Sauti inapitia chipu ya RT5640, na draiva yake ina jedwali lake la DMI la kujua kama spika ni moja au mbili, na maikrofoni imeunganishwa kwenye mguu upi. Kihisi cha kuzungusha skrini kinategemea jedwali jingine, lile la 60-sensor.hwdb, ambalo nalo linasoma DMI. Ndiyo maana ukisimamisha kishikwambi picha inalala, ukikilaza inasimama, na ukiweka muziki unasikia kimya. Matatizo matatu ambayo mtu angedhani hayahusiani, kumbe chanzo chake ni nafasi ileile iliyoachwa wazi.

Someni hilo faili la touchscreen_dmi.c mtaona wenyewe jinsi waandishi wa kerneli walivyohangaika. Kuna mahali wameandika maelezo kwamba alama za kifaa fulani ni za jumla mno, hivyo wamelazimika kuongeza toleo la BIOS au tarehe yake ndipo wakitofautishe na vingine. Maana yake ni kwamba kiwanda kikitoa BIOS mpya, tachi inaweza kupotea tena. Jina la Hans de Goede, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Red Hat, limejaa kwenye kazi hizi, kuanzia tachi na sauti hadi betri na mwanga wa skrini. Huyo na wenzake wamefanya kazi ambayo mtengenezaji alishalipwa kuifanya. Kwa vishikwambi vilivyouzwa na Android juu ya prosesa za Intel hali ni mbaya zaidi: majedwali ya ACPI (yanayoiambia kerneli ndani ya mashine kuna vifaa gani) yamejaa takataka, vifaa havijatajwa au vimetajwa visivyo, hadi ikabidi iandikwe draiva nzima, x86-android-tablets, ambayo ndani yake kila modeli imeelezwa kwa mkono.

Kamera sitaki hata kuizungumzia sana. Draiva ya atomisp iliingia kwenye eneo la majaribio la kerneli toleo la 4.12, ikatolewa 4.18, ikarudishwa 5.8. Kwetu haifanyi kazi, tumeiacha.

Kuna na kuganda. Mashine inawaka vizuri, mwanafunzi anaandika, ghafla kila kitu kinasimama, hata kibodi haijibu, na kazi ambayo hakuihifadhi imekwenda. Ripoti namba 109051 kwenye bugzilla ya kerneli (tovuti ya kuripoti hitilafu), iliyofunguliwa 2015, ina maelezo marefu ya watu waliokumbwa na jambo hili kwenye prosesa za Bay Trail, jamii ya hizi zetu. Dawa inayotajwa humo ni kuongeza intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa kuwashia wa GRUB (programu inayoipakia Linux). Kuganda kunakoma, ila prosesa hairuhusiwi tena kulala usingizi mzito, na betri inaisha upesi. Kwa shule ambayo umeme unakatika ovyo, hiyo ni gharama halisi.

Na hayo yote unayafanya kwenye mashine yenye tundu moja la micro-USB, hilohilo la kuchajia. Wi-Fi haijawaka, tachi haijawaka, unahitaji kibodi, kipanya na flashi kwa wakati mmoja, yaani utafute waya wa OTG (wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye tundu hilo) na habu, na vikiwa vimechomekwa chaji haiingii. Betri ikiisha katikati ya kusakinisha unaanza upya.

Tulimwandikia mtengenezaji. Jina lake silitaji. Tuliomba vitu viwili tu: faili la fimwea ya tachi na jina sahihi la bodi. Jibu likaja kwamba kifaa kimekwisha muda wake na Linux haihusiki. Muuzaji wa hapa naye akasema tulete "tupige Windows" kwa malipo. Windows ipi? Hiyohiyo ambayo haipati tena marekebisho ya usalama ya kawaida?

Kuna wale watakaokuja hapa kuandika kwamba tatizo ni Linux. Chukueni ThinkPad ya mtumba ya mwaka 2012, X230 kwa mfano, chomekeni flashi hiyohiyo. Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, kulala na kuamka, vyote vinakubali bila kuandika mstari hata mmoja. Kerneli ni ileile. Tofauti ni kwamba ile mashine inajitambulisha inapoulizwa.

Na wale wa "nunueni vipya": hela ya nani? Wazazi walichangishwa. Vifaa hivi vikitupwa, watoto wanarudi kuchora kibodi ubaoni, na mimi sikubali.

Ninachotaka kiko wazi. Kiwanda kijaze DMI, kiipeleke fimwea linux-firmware na leseni inayoruhusu kusambazwa. Wanaoandaa zabuni za shule na halmashauri waweke sharti kwamba kifaa cha mfano kiwashwe mbele yao kwa Linux ya kawaida, na tachi, sauti na Wi-Fi vifanye kazi, kabla mkataba haujasainiwa. Waagizaji waandike modeli kamili na toleo la bodi kwenye tangazo. Hili la kuandika "laptopu 2 kwa 1 kali sana" na picha ya intaneti ni kutuibia.

Mwenye kifaa cha namna hii, tafadhali usifute Windows kwanza. Nenda C:\Windows\System32\drivers na folda ya DriverStore, nakili kila kitu kinachohusu Silead na kihisi. Kisha waka na Linux kwa flashi, utume hapa majibu ya zile amri tatu pamoja na bios_version, bios_date na dmesg nzima. Kerneli mpya zinakubali kupewa vipimo vya tachi kwenye mstari wa kuwashia kwa i2c_touchscreen_props, kwa hiyo hata kifaa kisicho na jina tunaweza kukijaribu bila kukompaili chochote. Tukipata vipimo vinavyokubali, nitaandaa kiraka (marekebisho madogo ya msimbo) na kukipeleka kwa wasimamizi wa kerneli. Picha za bodi nazo ziwekeni, hasa namba iliyochapwa karibu na waya bapa wa tachi, maana huko ndiko walikoandika kile walichokataa kuandika kwenye BIOS.