Mzee na mdogo wangu hawasalimiani kisa habari za ajira. Nianzie wapi?

BintiBuhongwa:
Wakuu, habari za jioni. Kwetu mzee ni CCM damu, mdogo wangu ni CHADEMA kindakindaki. Siku zote wanataniana, yanaisha. Juzi tukiwa tunakula, redio ikasema ajira zimeongezeka. Mzee akapandisha sauti ya redio: "Ilani ya 2020 iliahidi ajira milioni 8, mkacheka. Haya, sikia!" Dogo akasukuma sahani: "Na bodaboda wa hapo kona kahesabiwa?" Mzee akamwambia hana shukrani, maana kazi ya kufunga nondo daraja la Kigongo–Busisi aliipata serikali hiyo hiyo ikiwa madarakani. Toka siku hiyo kila mtu na lake. Mama ananisukuma mimi mkubwa niwakalishe. Naomba ushauri.

Nahodha_Mstaafu:
Dogo aombe radhi. Kumsukumia mzazi sahani si siasa, ni utovu wa adabu. Takwimu baadaye.

KaraniKirumba:
Dada, hao wanagombania vitu viwili tofauti. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato hata saa 1 katika wiki ya utafiti ana ajira. Kwa hiyo bodaboda yumo, na mama muuza dagaa yumo. Hiyo si hila ya chama chochote, nchi nyingi duniani zinapima hivyo. NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wana tafsiri nyingine ya kitaifa, kali kidogo: mwenye kibarua kisicho na uhakika anahesabiwa hana ajira. Halafu kuna "ajira zilizozalishwa" za majukwaani, hizo hazitoki kwenye utafiti wa nguvu kazi. Muulize mzee alisikia ipi kati ya hizo. Bila hapo mtakesha.

Lakezoni:
Hata zifike milioni 80 dogo hatakubali. Hata zipungue, mzee atasema ni vita ya Ukraine. Waache.

MamaSato:
Nilikuwa nauza chakula Kigongo enzi za kivuko. Foleni ya magari ndiyo ilikuwa mtaji wangu: mtu anasubiri, njaa inamuuma, anashuka. Juni 2025 daraja likafunguliwa, sasa magari yanapita bila kusimama. Silisemi vibaya, mgonjwa wa Sengerema anawahi Bugando. Lakini walipotangaza ajira za ujenzi, za kwetu zilizokufa zilitolewa kwenye hesabu na nani? Na hao mafundi nao, daraja limeisha, mkataba umeisha. Huyo dogo wako sasa hivi anafanya nini?

BintiBuhongwa:
Anabeba mizigo mwaloni Kirumba, siku dagaa wakishuka kwa wingi. Siku nyingine anarudi mikono mitupu.

KaraniKirumba:
Basi umepata pa kuanzia. Usiwakalishe kikao, watahutubiana. Mkute mzee peke yake asubuhi, umuulize: huyu kijana wako wewe unamweka upande gani, wenye ajira au wasio nayo?

Nahodha_Mstaafu:
Na radhi asisahau.

BintiBuhongwa:
Mrejesho. Nimemuuliza mzee leo akinywa chai. Akafikiri, akasema, "Ana ajira." Kumbe dogo alikuwa anasikia, akadakia kutoka chumbani, "Kaniajiri nani?" Mzee: "Njoo unywe chai kwanza ndiyo tubishane." Wanabishana mpaka saa hizi, ila radhi bado.