Kushusha volteji ya prosesa kupitia BIOS: je, inafaa kwa kompyuta ya kazi katika joto la Mombasa?

mhariri_kisauni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mhariri wa video za harusi hapa Kisauni, na kazi yangu naifanyia katika chumba cha ghorofa ya juu kabisa chenye pangaboi na dirisha moja, bila kiyoyozi. Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya Ryzen 7 5800X kwenye ubao mama wa B550, memori ya gigabaiti 32, na kipoza cha hewa chenye feni moja. Miezi ya Kusi huwa hainisumbui, lakini tangu Januari, kila ninaporenda (yaani kutoa faili la mwisho la) video ndefu, joto la prosesa hupanda hadi nyuzi 90 na kuganda hapo, mwendo wa viini, zile sehemu za prosesa zinazofanya hesabu, hushuka kutoka gigahezi 4.5 hadi karibu 4.2, na feni huvuma kwa kishindo hata mteja akinipigia simu inanilazimu nitoke nje ndipo tusikilizane.

Nimekwisha kupuliza vumbi na kubadilisha pesti ya kupitishia joto, na nafuu niliyoipata ni ndogo. Nimesoma kwamba inawezekana kuishusha volteji ya prosesa ndani ya BIOS, yaani programu ya mipangilio iliyo kwenye ubao mama, bila kununua chochote. Naomba nieleweshwe kama jambo hili ni salama kwa mashine ninayoitegemea kwa riziki, maana harusi hairudiwi, na kazi ikiharibika mikononi mwangu sina cha kumwambia bibi harusi. Tena naona BIOS yangu ina sehemu mbili zinazohusu volteji, moja ya kupunguza kiasi kilekile wakati wote na nyingine iitwayo Curve Optimizer, nami sijui nishike ipi. Jamaa mmoja ameniambia niandike hasi 30 kwa viini vyote nimalize shughuli, kwa kuwa yake inakwenda vizuri hivyo.

fundi_tudor

Wa aleikum salaam, dada. Kwanza utulie: nyuzi 90 ndicho kikomo ambacho AMD yenyewe imeiwekea 5800X, kwa hiyo prosesa yako haijaharibika, inajizuia, na huko kujizuia ndiko unakokuona mwendo ukishuka. Prosesa hii ina sifa ya kuwa moto kwa sababu ya jinsi ilivyoundwa. Viini vyake vyote 8 vimekusanywa katika kipande kimoja cha silikoni chenye eneo la takribani milimita za mraba 80, ilhali prosesa nzima inaruhusiwa kula hadi wati 142, na sehemu kubwa ya wati hizo huwaka katika kipande hicho kidogo. Kipoza kinaweza kuwa kizuri na bado joto likakosa upana wa kutokea. Halafu kuna hali yetu ya hewa. Majaribio mengi unayoyasoma hufanywa katika vyumba vya nyuzi 21 au 22. Chumba chako cha juu kikifika nyuzi 33 mchana wa Februari, tofauti hiyo inahamia karibu yote kwenye prosesa, kwa kuwa hakuna kipoza cha hewa kinachoweza kukishusha kitu chini ya joto la hewa yenyewe.

Volteji ndiyo mahali penye faida kubwa, kwa sababu nguvu inayoliwa na transista zinapofanya kazi hufuata mraba wa volteji ukizidishwa na mwendo. Ukitoka volti 1.30 ukafika 1.20 kwa mwendo uleule, umepunguza volteji kwa asilimia 8 hivi, lakini nguvu hiyo imepungua kwa takribani asilimia 15. Kiwanda huacha akiba ya volteji kwa kuwa kinalazimika kuhakikisha kwamba hata kipande dhaifu kati ya vyote kinavyouza kitafanya kazi bila kosa, na akiba hiyo ndiyo unayojaribu kuirejesha mfukoni mwako.

Usishike ile sehemu ya kupunguza kiasi kilekile. Prosesa za Ryzen zikihisi volteji imepungua mno huweza kurefusha mapigo yake, ukaonyeshwa gigahezi 4.5 kwenye skrini huku kazi inayofanyika ikiwa ya mwendo wa chini zaidi. HWiNFO, programu ya kuonyesha vipimo vya kompyuta, ina mstari wake wa pekee unaoonyesha mwendo halisi, na alama za Cinebench, programu ya kupima kasi ya prosesa, zikishuka baada ya kubadilisha volteji, ujue ndilo lililotokea. Ingia Precision Boost Overdrive, ukurasa wa BIOS wa kubadilisha vikomo vya prosesa, chagua Advanced, kisha Curve Optimizer, ambayo hurekebisha volteji kulingana na mwendo wa kila kiini, uchague Negative. Hatua moja ni kama milivolti 3 hadi 5, na kikomo ni hatua 30.

Kuhusu hasi 30 ya jamaa yako, kipande chake si chako, hata kama vimetoka boksi zenye jina moja. Vilevile viini vya prosesa moja havilingani. Vile viwili ambavyo prosesa imevitambua kuwa bora ndivyo vinavyopewa mwendo wa juu kabisa, kwa hiyo mara nyingi ndivyo visivyovumilia kupunguziwa sana. Anza na hasi 10 kwa vyote, uishi nayo kwanza, kisha ushuke taratibu kiini kwa kiini, ukiviachia vile viwili nafasi zaidi.

Sasa lililo muhimu kwako kuliko yote hayo: Curve Optimizer peke yake haitakupa ubaridi unaoutaka. Prosesa ikiona imepata nafasi, itaitumia kupandisha mwendo hadi igonge kikomo kilekile cha joto au cha wati, utapata kasi zaidi na joto lilelile. Ili upate ubaridi, punguza pia kikomo cha nguvu kiitwacho PPT katika ukurasa huohuo, kutoka 142 hadi 110 kwa kuanzia, na uache vikomo vya mkondo wa umeme, TDC 95 na EDC 140, kama vilivyotoka kiwandani. Mambo haya mawili yakienda pamoja, viini vinafanya karibu kazi ileile kwa wati chache zaidi. UPS yako nayo itakushukuru stima ikikatika katikati ya kurenda.

msimamizi_likoni

Nakubaliana na maelezo ya fundi kuhusu joto, lakini kwa mashine ya riziki ningefuata njia nyingine, na nitaeleza kwa nini. Kushusha volteji hakuunguzi prosesa; hatari yake ni makosa ya hesabu. Watu hudhani kosa la prosesa lazima lionekane kwa skrini ya buluu au mashine kujizima, ilhali kosa laweza kupita kimya, likaacha fremu moja iliyochafuka ndani ya video ya saa mbili au faili lililobanwa ambalo halitafunguka tena siku mteja atakapolihitaji. Mtu anayecheza michezo ya kompyuta anaweza kuivumilia hatari hiyo. Dada huyu hawezi.

Bao nyingi za B550 zina Eco Mode, mpangilio wa kupunguza nguvu inayoliwa na prosesa. Ukiichagua ya wati 65, kikomo cha PPT cha 5800X kinashuka hadi wati 88, na volteji inabaki katika mstari ambao kiwanda kimeupima kwa kila mwendo. Kasi itapungua unaporenda, lakini kwa uwiano mdogo kuliko wati zinavyopungua, kwa sababu zile megahezi za juu kabisa ndizo zinazodai volteji kubwa. Kazi nyepesi, kama kukata na kupanga vipande vya video, hutaona tofauti yoyote, kwa kuwa kiini kimoja au viwili havifikii kikomo hicho.

Kuna suala la dhamana pia. AMD huhesabu Precision Boost Overdrive kuwa ni kuitumia prosesa nje ya viwango vyake, na madhara yanayotokana nayo hayalipwi. Ndiyo maana bao nyingi hukuonyesha onyo ukubali kwanza kabla ya kukufungulia ukurasa huo.

Na kabla ya lolote, hakikisha memori iko sawa. Iwapo umeiwasha XMP, mpangilio wa kuiongezea memori kasi, na memori ndiyo yenye kasoro, utaihangaikia volteji ya prosesa bure.

kijana_bamburi

Je, sisi wa Intel? Nina Core i5-13600K na sitaki kuharibu.

fundi_tudor

Kijana, wewe anza na toleo jipya la BIOS kabla ya kugusa volteji. Prosesa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa na tatizo la kupewa volteji ya juu kupita kiasi, lililozidhoofisha kwa muda, na Intel ilitoa marekebisho ya kwanza ya tatizo hilo, mikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129, mwezi Agosti 2024, ikafuatiwa na nyingine. Marekebisho hayo huzuia madhara, hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhoofika. Ukishamaliza hayo, fungua uzi wako tuzungumze, maana upande wenu una kinga iitwayo CEP ambayo huweza kuikata kasi ya prosesa ikiona volteji imeshushwa, na menyu zake ni tofauti kabisa na za dada.

mhariri_kisauni

Nawashukuru nyote. Nimeamua kuanza na Eco Mode kwa kazi za msimu huu, kisha nijaribu Curve Optimizer nikipata wiki isiyo na kazi ya mteja. Nimeiwasha mchana huu: video ileile iliyokuwa ikigonga 90 sasa inatulia kwenye nyuzi 71 na feni zimenyamaza, ila kurenda kumechukua muda mrefu kidogo. Nitakapofika kwenye Curve Optimizer, nitajuaje kwamba imetulia kweli? Na nifanye nini skrini ikikataa kuwaka?

fundi_tudor

Uamuzi mzuri, na msimamizi amesema kweli kuhusu makosa ya kimya.

Usiridhike na Cinebench. Viini vyote vikiwa kazini mwendo huwa wa wastani, na hapo kipunguzo kikubwa kinaweza kuonekana salama. Kosa hujitokeza mzigo ukiwa mwepesi, kiini kimoja kinaporuka ghafla hadi gigahezi 4.7 au zaidi, na ndiyo sababu utasikia watu wakilalamika kwamba mashine ilirenda usiku kucha salama kisha ikajizima walipofungua barua pepe. Tumia CoreCycler, ambayo huendesha Prime95, programu ya kuipa prosesa mzigo mzito, kwenye kiini kimoja baada ya kingine, uiache usiku mzima. Kila asubuhi fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute jina WHEA-Logger, linaloashiria kosa la vifaa. Ukiliona, hata kama mashine haikuzima, soma ni kiini gani kimetajwa, ukirudishie hatua tatu hadi tano, kisha uanze kupima upya.

Skrini ikikataa kuwaka, chomoa waya wa umeme na uunganishe kwa bisibisi zile pini mbili za kufutia mipangilio, au utoe betri ya duara ya CR2032 kwa dakika chache. BIOS itarudi ilivyotoka kiwandani. Piga picha ya kila ukurasa wa mipangilio kwa simu kabla ya kuubadilisha, kwa sababu hata kupandisha toleo jipya la BIOS kwa kawaida hufuta kila kitu, pamoja na Eco Mode uliyoiweka leo.

Mwisho, ukipima sasa katika joto la Kaskazi, pima tena Kusi likishika. Prosesa ikipata ubaridi huruka juu zaidi, na kipunguzo kilichovumilika Machi kinaweza kukataa Julai.