Kopo la wodini

Mama Amani 03:12
Samahanini wapendwa, kuna aliye macho? Mtoto ana siku nne leo. Nikimweka anashika, anaachia, analia. Chuchu zimechanika, zinatoa damu. Lile kopo la maziwa ya unga tulilopewa wodini liko mezani, nusura nilifungue.

Shangazi Mwanaidi 03:15
Niko macho mwanangu, pole sana. Umekaaje?

Mama Amani 03:16
Nimeinama.

Shangazi Mwanaidi 03:18
Usiinamie. Egemea vizuri, umlete yeye kwenye titi. Tumbo lake kwa tumbo lako, pua mkabala na chuchu. Subiri apanue mdomo kama anayepiga miayo, ndipo umsogeze, kidevu kitangulie. Asishike chuchu tupu, mdomo ujae na ule weusi wa chini.

Shangazi Mwanaidi 03:19
Ikiendelea kuuma, ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, aachie, muanze upya. Usikaze meno ukavumilia.

Mama Amani 03:34
Mara ya tatu ameshika! Haiumi kama mwanzo. Namsikia anameza 😭

Shangazi Mwanaidi 03:36
Mungu ashukuriwe. Mwache mpaka aachie mwenyewe. Asubuhi nakuja. Kuanzia siku ya tano nataka kuona nepi sita za mkojo au zaidi kwa siku. Zikipungua, au akilala mno asiamke kunyonya, hapo ni hospitali moja kwa moja, msisubiri kikundi.

Mama Mapacha 06:40
Hongera Mama Amani. Ila hilo kopo, nani kakupa?

Mama Amani 06:52
Muuguzi, siku ya kuruhusiwa. Lilikuwa kwenye mfuko wa zawadi wenye nembo ya kampuni. Alisema litanisaidia maziwa yakichelewa. Hakuwa na nia mbaya.

Mama Zuhura 06:55
Nami nilipewa hivyohivyo! Nikawa nampa usiku ili nipumzike. Wiki ya pili matiti yamelegea, nikajua sina maziwa. Hakuna aliyeniambia kwamba titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa, na kila chupa ya usiku ilikuwa inalipunguzia kazi. Nililia sana, nikidhani mwili wangu una kasoro.

Mama Mapacha 07:04
Hilo lilikatazwa tangu 1981. Baraza la Afya Duniani lilipitisha Kanuni za Kimataifa kuhusu uuzaji wa maziwa ya kopo, kura 118 zikakubali, moja tu, ya Marekani, ikakataa. Kampuni isimpe mama sampuli, na mhudumu wa afya naye asimpe. Lakini kanuni hizo hazina meno mpaka nchi izitungie sheria, na hata sheria ikiwepo, sisi tukinyamaza nani ataidai? Naomba tumwandikie mkuu wa hospitali.

Mama Pendo 07:20
Niseme jambo. Pendo amekulia kopo. Nilikuwa kwenye dawa ambazo daktari alinikataza kunyonyesha nazo. Nilitazamwa vibaya hadi na ndugu zangu. Barua ikimsimanga mama wa kopo, jina langu msiliweke.

Shangazi Mwanaidi 07:31
Mama Pendo, nami nilikuuliza "mbona hunyonyeshi" mbele ya watu. Sikujua, wala sikupaswa kuuliza. Nisamehe.

Mama Pendo 07:33
Yamekwisha shangazi.

Mama Mapacha 07:35
Kanuni zenyewe hazikatazi kopo kuuzwa, wala mama kulitumia. Zinakataza kulinadi. Anayelihitaji aelekezwe na mhudumu anayejua hali yake, lisitoke kwenye mfuko wa zawadi.

Mama Pendo 07:37
Basi hilo litangulie.

Mama Zuhura 07:41
Na tusipeleke lawama tupu. Wauguzi ni wachache, yule wa Mama Amani angepata wapi nusu saa ya kukaa naye? Tuombe kuingia wodini wawili wawili, tukae na wazazi wapya kama shangazi alivyofanya usiku. La Leche League, shirika la akina mama wanaosaidiana kunyonyesha, lilianzishwa na wanawake saba tu, Marekani, 1956. Sisi humu tuko wengi kuliko hao.

Mama Mapacha 07:58
Rasimu: "Sisi ni akina mama tuliojifungulia hapa. Hatumlaumu mama yeyote kwa namna anavyomlisha mwanawe. Tunaomba sampuli za maziwa ya kopo na mifuko yenye nembo za kampuni visitolewe tena wodini. Tunaomba pia akina mama wenye uzoefu waruhusiwe, wakisimamiwa na wauguzi, kuwasaidia wazazi wapya kunyonyesha."

Mama Pendo 08:02
Ongeza: "Na mama anayelazimika kutumia kopo afundishwe faraghani kuliandaa kwa usalama."

Mama Mapacha 08:03
Nimeongeza. Nani tunakwenda?

Mama Pendo 08:04
Mimi.

Mama Zuhura 08:04
Nami.

Mama Amani 08:09
Mimi bado siwezi kutoka. Lakini kopo sijalifungua, na mfuko wake upo. Shangazi ukija vichukue, vipelekwe na barua. Jina langu liandikeni. Ameamka, ngoja nimnyonyeshe.